Maziwa ya A2: Kabla ya kununua kopo au hisa, fahamu haya

Maswali kuhusu maziwa ya A2 yamekuwa yakinifikia kutoka pande mbili. Upande mmoja ni wazazi wanaouliza kama ni kweli maziwa haya yanamfaa zaidi mtoto mwenye tumbo linalosumbua. Upande wa pili, ambao sikuutarajia katika safu ya afya, ni watu wenye akiba wanaotaka kununua hisa za kampuni inayoyauza.

Msomaji mmoja wa Mwanza ameandika kwamba kikundi chao cha akiba kina fedha kidogo iliyokaa. Mwenzao anayefuatilia masoko ya nje kwa simu anashauri waiweke katika kampuni ya maziwa ya A2 ya New Zealand, ambayo imesambaa hadi China na Marekani. Swali lake lilikuwa fupi: “Daktari, haya maziwa ni ya kweli au ni matangazo tu?”

Mimi ni daktari, si dalali wa hisa. Sitakwambia bei ya hisa itapanda au itashuka. Hata hivyo, swali la msomaji huyu ni zuri kuliko anavyodhani. Mfuko wa saruji unanunuliwa kwa sababu mtu anajenga. Maziwa ya A2 yananunuliwa kwa bei ya juu kuliko maziwa mengine kwa sababu mnunuzi anaamini mwili wake, au wa mwanawe, utayapokea vizuri zaidi. Kwa hiyo anayenunua hisa za kampuni hii ananunua dai la afya, na dai la afya hupimwa kwa ushahidi wa kitabibu.

Tuanze na maziwa yenyewe.

A1 na A2 ni nini?

Maziwa ya ng’ombe yana maji, mafuta, sukari ya maziwa iitwayo laktosi, madini, vitamini na protini. Takriban asilimia 80 ya protini hiyo ni ya kundi la kaseini, ambayo ndiyo huganda tunapotengeneza mtindi au jibini. Moja ya kaseini hizo inaitwa beta-kaseini.

Beta-kaseini ni mnyororo wa asidi amino 209. Katika ng’ombe kuna aina mbili kuu za mnyororo huo, A1 na A2, na tofauti yao ni ndogo mno: katika nafasi ya 67, A2 ina asidi amino iitwayo prolini na A1 ina histidini. Tofauti hiyo hutokana na jeni ambazo ng’ombe amerithi kwa wazazi wake. Haiwekwi kiwandani na wala haiondolewi kwa kuchemsha.

Wanasayansi wanaamini A2 ndiyo aina ya kale na kwamba A1 ilizuka baadaye miongoni mwa ng’ombe wa Ulaya. Leo ng’ombe wa Friesian hubeba aina zote mbili kwa wingi. Guernsey wengi hubeba A2. Ng’ombe wenye nundu, jamii ya zebu, kwa sehemu kubwa hubeba A2.

Kwa nini tofauti ya asidi amino moja ipigiwe kelele? Kwa sababu A1 inapomeng’enywa tumboni, mnyororo hukatika kwa urahisi pale kwenye nafasi ya 67 na kutoa kipande kiitwacho beta-kasomofini 7, kwa kifupi BCM-7. Kipande hiki kinaweza kushikamana na vipokezi vilevile vya mwilini vinavyoshikwa na dawa za jamii ya mofini. Vipokezi hivyo viko pia kwenye utumbo, na vikiguswa mwendo wa chakula unaweza kupungua. A2 hutoa kipande hicho kwa kiasi kidogo sana.

Huo ndio msingi wa biashara nzima.

Ilivyoanza New Zealand

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, daktari bingwa wa watoto wa Auckland, Profesa Bob Elliott, aliona jambo lililomshangaza. Watoto wa Kisamoa waliokulia New Zealand walikuwa wakipata kisukari cha aina ya kwanza mara nyingi zaidi kuliko watoto wa Kisamoa waliobaki visiwani kwao. Akaanza kushuku chakula, na hatimaye protini za maziwa.

Mwanasayansi Corran McLachlan alilichukua wazo hilo mbele zaidi, akilinganisha nchi na nchi kuona kama ulaji wa A1 unakwenda sambamba na ugonjwa wa moyo. Mwaka 2000 yeye na mfanyabiashara Howard Paterson walianzisha kampuni ambayo leo inaitwa The a2 Milk Company. Wazo lao la biashara lilikuwa jepesi kulieleza: pima jeni za ng’ombe kwa kutumia unyoya, tenga wale wenye A2 pekee, kusanya maziwa yao bila kuyachanganya na mengine, kisha uza kwa bei ya juu.

Waanzilishi wote wawili walifariki mwaka 2003, lakini kampuni iliendelea.

Hapa kuna jambo ambalo mtu wa hisa na mgonjwa wote wanapaswa kulishika. Dai la kwanza lililoibeba kampuni hii halikuwa tumbo kujaa gesi. Lilikuwa kisukari na ugonjwa wa moyo. Dai hilo halikusimama.

Ushahidi unasema nini?

Kulinganisha nchi na nchi ni njia nzuri ya kupata swali, lakini ni njia dhaifu ya kupata jibu. Nchi zinazokunywa maziwa mengi ya Friesian ndizo hizohizo zenye magari mengi, sigara nyingi, nyama nyingi na hospitali zinazoandika vizuri vifo vyake. Ukichora mstari kati ya maziwa na moyo, huwezi kujua ni kipi kati ya hivyo vyote kimefanya kazi.

Mwaka 2004 serikali ya New Zealand ilipokea tathmini ya ushahidi huo kutoka kwa Profesa Boyd Swinburn, na haikuona sababu ya kuwaambia wananchi waache maziwa ya kawaida. Mwaka huohuo, nchini Australia, kampuni iliyokuwa ikiyasambaza maziwa hayo ilitozwa faini kwa matangazo ya afya yaliyopotosha. Mwaka 2009 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilipitia tafiti zote kuhusu BCM-7 na kuhitimisha kwamba uhusiano wa chanzo na matokeo kati ya kipande hicho na magonjwa yasiyoambukiza haujathibitika.

Baada ya hapo kampuni ilihamisha uzito wake kwenye jambo dogo zaidi lakini linaloweza kupimwa, yaani starehe ya tumbo.

Hapa ushahidi upo, ingawa ni mdogo. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2014 ulishirikisha watu 41 waliokunywa maziwa ya aina zote mbili kwa vipindi tofauti, na choo chao kilikuwa laini zaidi walipokuwa kwenye A1. Utafiti wa Shanghai wa mwaka 2016 ulichukua watu 45 waliosema maziwa ya kawaida huwasumbua. Walipokunywa maziwa yenye A1, dalili za tumbo ziliongezeka na chakula kilichukua muda mrefu zaidi kupita. Kwenye A2 pekee, walikuwa na nafuu.

Tafiti zote mbili zilipata fedha kutoka kwa kampuni inayouza maziwa hayo. Hilo halimaanishi kwamba majibu ni ya uongo. Kampuni za dawa nazo hulipia majaribio mengi ya dawa zao. Linamaanisha kwamba tunahitaji tafiti kubwa zaidi, za watu wasio na maslahi, kabla ya kusema kwa sauti kubwa.

Basi jibu langu kama daktari ni hili: kuna watu wazima ambao maziwa ya kawaida huwaletea gesi na maumivu, na baadhi yao hupata nafuu wakinywa A2. Maziwa ya A2 hayajathibitika kuzuia kisukari, ugonjwa wa moyo, usonji wala ugonjwa mwingine wowote. Mtu anayekuuzia hisa au kopo kwa kutaja magonjwa hayo anakuuzia dai ambalo ushahidi umeshindwa kuliunga mkono.

Msichanganye mambo matatu

Kliniki huwa naona wazazi wakiweka matatizo matatu katika kapu moja na kuyaita yote “maziwa yanamkataa”.

La kwanza ni kushindwa kumeng’enya laktosi. Utotoni utumbo hutoa kimeng’enya kiitwacho laktesi kinachovunja sukari ya maziwa. Watu wengi duniani, wakiwemo Waafrika wengi, hupungukiwa kimeng’enya hicho wanapokua. Wakinywa maziwa mengi, sukari hiyo hufika utumbo mpana bila kuvunjwa, bakteria huichachusha, na matokeo ni gesi, ngurumo na kuharisha. Jamii za wafugaji ni tofauti. Mwaka 2007 timu iliyoongozwa na mtafiti Sarah Tishkoff ilionesha, kwa kupima watu wa Tanzania, Kenya na Sudan, kwamba Waafrika wengi wa jamii za wafugaji wana mabadiliko yao wenyewe ya jeni yanayowawezesha kuendelea kumeng’enya maziwa ukubwani.

Maziwa ya A2 yana laktosi ileile. Kama shida yako ni laktosi, A2 hayataiondoa. Mtindi na maziwa mgando yanaweza kukusaidia zaidi, kwa kuwa bakteria wanaoyagandisha wamekwishakula sehemu ya sukari hiyo, na bei yake ni ya kawaida.

La pili ni mzio wa protini ya maziwa. Huu ni ugonjwa wa kinga ya mwili na huwapata zaidi watoto wa chini ya mwaka mmoja. Mtoto anaweza kutoka vipele, kuvimba midomo au macho, kutapika, kukohoa, kupumua kwa shida, au kupata choo chenye damu. Mtoto huyu asipewe maziwa ya A2. Nasisitiza jambo hili kwa sababu ndilo linaloweza kugharimu maisha. Mwili wenye mzio hautofautishi asidi amino moja katika nafasi ya 67. Utaiona beta-kaseini, utaona na protini nyingine za ng’ombe zilizomo, na utashambulia. Maziwa ya mbuzi nayo hayamfai, maana protini zake zinafanana mno na za ng’ombe. Mtoto wa aina hii anahitaji daktari. Ikiwa hanyonyi, anahitaji maziwa maalumu ambayo protini zake zimekatwakatwa vipande vidogo.

La tatu ndilo linalozungumzwa na wauzaji wa A2: tumbo kutotulia kutokana na A1, bila mzio na bila tatizo la laktosi. Ni kundi lililopo, lakini kulitambua kunahitaji kwanza kuondoa yale mawili ya juu.

Kampuni ilivyovuka bahari

Sasa turudi kwa msomaji wetu wa Mwanza na fedha ya kikundi.

Kampuni hii ilitoka New Zealand ikaingia Australia, na huko maziwa yake yakapata nafasi kwenye maduka makubwa. Mwaka 2012 ikaingia Uingereza, ikakaa miaka kadhaa bila kupata ukubwa iliotarajia, na mwaka 2019 ikatangaza kuondoka. Mwaka 2015 ikaanza kuuza California, Marekani, na mwaka huohuo hisa zake zikaanza kuuzwa katika soko la Australia pia, juu ya lile la New Zealand.

Lakini kilichoitajirisha si maziwa ya kunywa ya watu wazima. Ni maziwa ya kopo ya watoto wachanga, na soko lake ni China.

Kuelewa kwa nini, rudi mwaka 2008. Nchini China iligundulika kwamba maziwa ya unga ya watoto yalikuwa yametiwa melamini, kemikali inayotumika kutengeneza plastiki. Maziwa yaliyoongezwa maji hupungua protini. Kipimo kilichotumika viwandani hukadiria protini kwa kupima naitrojeni, na melamini ina naitrojeni nyingi, kwa hiyo maziwa mepesi yalionekana mazito. Ndani ya figo za watoto melamini iligeuka mawe. Karibu watoto 300,000 waliugua na sita walitangazwa kufariki. Kampuni iliyokuwa katikati ya kashfa hiyo, Sanlu, ilifilisika. Asilimia 43 ya hisa za Sanlu zilimilikiwa na Fonterra, ushirika mkubwa wa maziwa wa New Zealand, ambao ulipoteza uwekezaji wake huo.

Baada ya hapo wazazi wengi wa China hawakuamini tena kopo lililotengenezwa nyumbani. Walitaka la nje, na walikuwa tayari kulipa. Kopo la A2 lilifika likiwa na mambo mawili kwa pamoja: limetoka New Zealand, na lina protini “tofauti”.

Sehemu kubwa ya makopo hayo haikupitia kwa waagizaji rasmi. Wanafunzi na wasafiri wa Kichina waliokuwa Australia walinunua kwenye maduka ya kawaida na kuyatuma nyumbani kwa ndugu na wateja. Biashara hiyo inaitwa daigou, na sisi tunaifahamu vizuri kwa sura nyingine: ni sawa na ndugu aliyeko Dubai anayekutumia simu na vipodozi ukauze.

Mwaka wa fedha ulioishia Juni 2020 kampuni iliuza bidhaa za dola za New Zealand bilioni 1.73 na kupata faida ya takriban milioni 386. Hisa moja ilipita dola 20.

Kisha mipaka ikafungwa kwa sababu ya Uviko-19. Wanafunzi hawakurudi Australia, watalii hawakufika, na mnyororo wa daigou ukakatika. Makopo yakabaki kwenye maghala huku tarehe za mwisho wa matumizi zikikaribia, na mzazi wa mtoto mchanga hanunui kopo lililobakiza miezi michache. Kampuni ililazimika kufuta shehena yenye thamani ya zaidi ya dola milioni 100. Mwaka ulioishia Juni 2021 mauzo yalishuka hadi bilioni 1.21 na faida ikabaki takriban milioni 81. Hisa iliyokuwa imepita dola 20 ikashuka chini ya dola 7 katika muda usiofika mwaka mmoja.

Angalia jambo hili kwa makini. Katika mwaka huo hakuna kilichobadilika ndani ya maziwa. Ng’ombe walikuwa walewale na prolini ilikuwa palepale kwenye nafasi ya 67. Kilichobadilika ni njia ya kumfikia mama wa Kichina.

Hatari nyingine haihusiani na maziwa hata kidogo, nayo ni idadi ya watoto. Mwaka 2016 China ilipata watoto zaidi ya milioni 17. Mwaka 2023 walizaliwa takriban milioni 9. Kampuni inayouza kopo la mtoto mchanga katika soko hilo inagombea kundi linalopungua, huku wakubwa kama Nestlé nao wakileta kopo lao la A2. Ndiyo maana kampuni hiyo imetafuta milango mingine. Mwaka 2022 kiwanda kikubwa cha maziwa ya watoto cha Michigan, Marekani, kilipofungwa kwa muda na maziwa kuadimika, mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo iliruhusu makopo ya nje, na Novemba mwaka huo kampuni ya A2 ilikuwa miongoni mwa zilizopata kibali.

Faida hii inatoka kwa nani?

Hapa lazima niseme kama daktari. Kampuni ya maziwa ya kopo hupata faida zaidi pale mtoto anapoacha ziwa la mama mapema.

Sisemi kopo ni dhambi. Kuna mama aliyefariki katika uzazi, kuna mama anayetumia dawa za saratani, kuna mtoto aliyelelewa na bibi. Hao wanahitaji kopo salama na tunashukuru lipo. Lakini mwaka 1981 mataifa yalikubaliana, kupitia Shirika la Afya Duniani, kanuni za kudhibiti matangazo ya maziwa mbadala kwa sababu walikuwa wameona watoto wa nchi maskini wakifa kwa kuharisha baada ya mama zao kushawishiwa kuacha kunyonyesha. Tanzania ina kanuni zake, na Kenya ilipitisha sheria yake mwaka 2012.

Kuna hoja moja ya kisayansi ambayo matangazo hayaiweki mbele. Beta-kaseini ya binadamu nayo ni ya aina inayofanana na A2. Mama anayemnyonyesha mwanawe tayari anampa protini hiyo, pamoja na kingamwili ambazo hakuna kiwanda kinachoweza kuzitia kwenye kopo.

Kwa hiyo ushauri haubadiliki: ziwa la mama pekee kwa miezi sita ya kwanza, kisha chakula cha nyongeza huku ukiendelea kunyonyesha hadi miaka miwili au zaidi. Mama anayeishi na VVU asiamue peke yake kuhamia kopo. Azungumze na mhudumu wake wa kliniki, maana akitumia dawa vizuri anaweza kunyonyesha.

Ikiwa kopo ni lazima, ubora wa maji na usafi wa chombo vina uzito kuliko A1 au A2. Maziwa ya unga si lazima yawe hayana vijidudu kabisa. Chemsha maji, yaache yapoe kidogo lakini yasishuke chini ya nyuzi 70, ndipo uchanganye unga. Poza kabla ya kumpa mtoto, pima kwa tone kwenye kifundo cha mkono, na mwaga yaliyobaki baada ya saa mbili. Usipunguze vijiko ili kopo lidumu. Nimewalaza watoto wenye utapiamlo mkali ambao kopo lao lilikuwa la gharama kubwa, lakini kila chupa ilikuwa maji zaidi kuliko maziwa.

A2 tuliyonayo zizini

Wengi hawajui kwamba ng’ombe wetu wa asili wenye nundu, wale ambao wafugaji wa kisasa huwadharau kwa kutoa lita chache, ni wa jamii ambayo kwa sehemu kubwa hubeba A2. Mzee wa Kisukuma au Kimasai anayekunywa maziwa ya ng’ombe wake wa asili huenda anakunywa kile ambacho familia ya Shanghai inakilipia bei ya juu. Ng’ombe chotara wa Friesian wanaweza kubeba aina zote mbili, na kujua ni yupi kunahitaji kipimo cha jeni.

Sisemi hivi ili watu wakimbilie maziwa mabichi. Maziwa yasiyochemshwa yanaweza kubeba ugonjwa wa brusela na kifua kikuu cha ng’ombe, na hayo ni magonjwa ninayoyaona kuliko matatizo ya A1. Chemsha maziwa. Kuchemsha hakuharibu A2.

Kwa kikundi chenye fedha, huenda kuna swali jingine la kujiuliza: kama dai hili lina thamani New Zealand, kwa nini hakuna anayelipima hapa, kwenye mizizi ya ng’ombe wetu, tangi la kupozea na chupa safi? Silipendekezi kama biashara. Najua tu kwamba maziwa mengi yetu huharibika kabla ya kufika mjini, na kinachokosekana mara nyingi ni ubaridi na usafi.

Maswali ya kujiuliza

Kama bado unataka kununua hisa za kampuni yoyote inayouza chakula kwa dai la afya, nakuomba upite kwenye maswali haya, ambayo ndiyo ninayojiuliza ninapoletewa dawa mpya.

Dai lenyewe ni lipi hasa? “Hutuliza tumbo kwa baadhi ya watu” na “huzuia kisukari” ni madai mawili yenye ushahidi tofauti kabisa. Kuhusu A2, la kwanza lina ushahidi mdogo na la pili halijathibitika.

Nani alilipia utafiti, na watu wangapi walishiriki? Watu 45 ni mwanzo mzuri, lakini ni wachache mno kubeba akiba ya watu 30.

Mnunuzi akigundua kuwa haoni tofauti, ataendelea kulipa bei ya juu? Tumbo halidanganyiki kwa muda mrefu.

Mapato yanategemea nchi ngapi? Soko moja likifunga mlango, nini kinabaki? Mwaka 2021 umejibu swali hilo kwa tarakimu.

Je, unaridhika na mahali faida inapotoka? Hili kila mtu atalijibu kwa dhamiri yake.

Na mwisho, nani anakuuzia? Hisa za kampuni iliyoorodheshwa huuzwa kupitia dalali mwenye leseni. Kwa Tanzania, anayetoa leseni hizo ni Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Mtu anayekupigia akikuahidi faida ya uhakika kila mwezi kutoka “kampuni ya maziwa ya nje”, akitaka utume fedha kwa namba ya simu, huyo hana ng’ombe wala hisa.

Kwa mzazi, mpangilio ni mfupi zaidi. Mtoto akivimba midomo, akipumua kwa shida au akitoa damu kwenye choo baada ya maziwa, usijaribu kopo jingine. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Mtoto mwenye gesi na kulialia tu huku uzito unaongezeka vizuri, mara nyingi anahitaji muda na namna sahihi ya kumnyonyesha na kumcheulisha. Mtu mzima anayesumbuliwa na maziwa aanze na mtindi, apunguze kiasi, na akiona hakuna nafuu amwone daktari kabla ya kununua kitu cha gharama.

Msomaji wangu wa Mwanza, maziwa ya A2 ni ya kweli. Ni maziwa mazuri, yenye lishe sawa na maziwa mengine salama ya ng’ombe. Yanaweza kumpunguzia mtu fulani gesi. Kama hilo linatosha kuweka humo ada za shule za watoto wa wanakikundi, lijadilini mkiwa wote mmekaa, tarakimu zikiwa mezani, na yule aliyeleta wazo asiwe ndiye mwenyekiti wa kikao.

Mwandishi ni daktari wa binadamu. Makala haya ni ya elimu ya afya kwa jumla. Kwa tatizo lako binafsi, muone mtoa huduma wa afya aliye karibu nawe.